Wakuu, kuna kikundi cha watu walioacha pombe huku Moshi? Hata cha WhatsApp

FundiSimu_Majengo
Habari zenu. Niende moja kwa moja, pombe imenishinda. Siongelei ile ya wikiendi, mimi asubuhi bila kutoa loki, yaani kunywa kidogo ndo niamke, mikono haitulii siwezi hata kushika bisibisi, na kazi yangu ni ufundi simu. Kuacha nataka ila huku kwetu utakwepa wapi, msibani mbege, kipaimara mbege na bia, Desemba ikifika ndo usiseme maana wote wanarudi nyumbani na kila mmoja anataka akununulie. Mama kanipeleka kwenye maombi, shemeji kaagiza unga wa mtandaoni eti unatiwa kwenye chai bila mnywaji kujua (nimeujua lakini). Mahubiri nimeshiba. Natafuta watu waliokunywa kama mimi wakaacha, niwe naongea nao. Nasikia kuna AA (Alcoholics Anonymous), vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha, ni ya wazungu ile? Wanalipisha? Na mji wetu huu mdogo, nikionekana naingia kesho stendi nzima inajua.

Kitochi
Hamia kwenye bia mkuu, mdogo mdogo 😂

Nesi_wa_Usiku
Kitochi acha utani, huyu anatoa loki. Kaka, kabla ya kikundi, USIKATE GHAFLA ukiwa peke yako geto. Arosto ya pombe sio kama ya sigara, mwili uliozoea pombe kila siku ukiikosa unaanza kutetemeka na jasho ndani ya masaa machache, kifafa kinaweza kuja ndani ya siku 2 za mwanzo, halafu siku ya 2 au ya 3 wengine wanaweweseka wanaona wadudu ukutani, na hiyo inaua watu kweli. Nenda hospitali ya mkoa, uliza kliniki ya afya ya akili, usione aibu jina la kliniki. Sema ukweli unakunywa kiasi gani, usipunguze, maana dozi ya diazepam, dawa ya kutuliza ya kukushusha taratibu, inategemea hapo, na watakupa vitamini B1 kulinda ubongo. Huo unga wa shemeji tupa. Zipo dawa halali zinazomfanya mtu aumwe akinywa pombe, disulfiram mojawapo, ila anapewa anayejua na aliyepimwa. Kumtegea mtu kwenye chai ni kumtafutia balaa, presha inaweza kushuka akaanguka.

BabaWawili254
Sikiza nesi kwanza boss, halafu urudi hapa. Mimi niko Nairobi, nimekaa AA miaka kadhaa sasa. Si ya wazungu bana. Ni kweli ilianzia Marekani, Akron, 1935, lakini angalia vile ilianza: jamaa mmoja wa mambo ya hisa alikuwa safarini, dili imekataa, yuko hotelini na baa iko hapo chini inamwita. Akaanza kupiga simu akitafuta mlevi mwingine wa kuongea naye, akapelekwa kwa daktari mmoja wa upasuaji aliyekuwa amezama pia. Hao wawili ndio AA. Kwa hivyo hata ukipata mtu mmoja tu hapo Moshi mmeanza.

Hulipi. Kikapu kinapita, uko na kitu unaweka, huna unapitisha. Jina moja linatosha na linaweza kuwa lolote. Mtu anaongea, wengine wananyamaza, hakuna kumjibu wala kumshauri, hiyo ndiyo ilinishika kwa sababu nyumbani kila mtu alikuwa ananishauri. Baadaye unachagua sponsa, mwenzako aliyeacha kitambo wa kukushika mkono, huyo unampigia kabla hujanunua, si baada. Na hiyo ya stendi kujua, atakayekutaja itabidi aeleze yeye alikuwa anatafuta nini humo ndani 😄

Mikutano ya Zoom iko kila saa. Wakenya wanaosoma hapa, NACADA, ile ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, ni 1192, simu ya bure.

Mwinyi_wa_Ngamiani
Naongezea upande wa pili. Mimi Muislamu, mkutano wa kwanza niliokwenda ulikuwa chumba cha kanisa nikataka kugeuza. Kumbe kinachotajwa ni Mungu kama kila mmoja anavyomfahamu, basi nikakaa. Ila kusema "mimi ni mlevi" kila siku mpaka leo sikipendi, nasema jina langu tu na hawajanifukuza. Pia kuna soba hausi, nyumba za kukaa wanaoacha ulevi, ila nyingi zimezoea vijana wa unga (dawa za kulevya), kaione kwanza na uulize wa pombe wanawashushaje, daktari yupo au hayupo. Wakikwambia utazoea, ondoka.

MamaK_
Samahani kuingilia, mnywaji ni mume wangu, mie nipo nipo tu nahesabu chupa. Sisi wa nyumbani tunakwenda wapi?

BabaWawili254
@MamaK_ Al-Anon dada, ya familia, iko mtandaoni pia. Unaenda hata kama yeye bado anakunywa, na huendi kujifunza kumwachisha, unaenda kwa ajili yako.

FundiSimu_Majengo
Asanteni sana, Kitochi na wewe pia. Jumatatu naenda kliniki, dada kakubali tuongozane. BabaWawili nimekutumia PM. Halafu hiyo Zoom inakula bando sana?

BabaWawili254
Zima video, sauti tu. Nimekujibu huko PM, leo jioni kuna moja ya Kiswahili, ingia usikize tu.