Tupeane uzoefu: baiskeli ya resi ya usukani wa juu, isiyoyumba

Mwendopole: Wadau, watu wanazidi kuulizia resi isiyoua mgongo. Leteni vipimo, siyo "chukua hiyo, ni nzuri".

Fundi_wa_Kona: Anza na fremu. Pima wima, kutoka usawa wa ekseli ya krenki (ile ya katikati, mikono ya pedali inapozungukia) hadi mdomo wa juu wa mrija wa mbele. Kwa fremu ya saizi 56, za mashindano zinacheza kwenye milimita 565, za safari ndefu hufika 590 na zaidi. Halafu ekseli ya mbele hadi ya nyuma: ikivuka milimita 1,000 kidogo, mteremkoni inatulia. Stika achana nazo.

Spoku36: Naam.

Cheni_Kavu: Aliyekwisha kununua je? Geuza shingo ya usukani (kile kipande kinachoushika). Ya milimita 100 yenye mwinamo wa nyuzi 6, ikiwa imeelekezwa chini, ukiipindua unapata kama sentimita 2. Bure.

Beringi: Au ongeza pete chini ya shingo. Kila milimita 10 usukani unarudi nyuma kama 3.

Gia_ya_Mwisho: Oneni kwanza kama mrija wa foki, ule unaopanda ndani ya fremu hadi kwenye shingo, ni kaboni! Watengenezaji wengi wanaruhusu pete za milimita 30 hadi 40 tu, soma kitabu chake. Ukizidisha, kila shimo la barabara linaupinda mrija palepale juu ya beringi. Nyuzinyuzi za kaboni zinaachia kimyakimya, nje huoni kitu. Siku ya breki kali usukani unabaki mkononi, baiskeli inaenda zake. Na boliti ya shingo ikiandikwa 5 Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza) ni 5, siyo nguvu za nati ya lori.

Spoku36: Mkononi??

Pancha: Mnajitesa. Weka tairi za upana wa milimita 32, upepo upunguze, kwisha.

Fundi_wa_Kona: 32 kwenye breki za resi ya zamani? Nyingi mwisho 25, 28 kwa kubembeleza.

Pancha: Nani kataja za zamani?

Fundi_wa_Kona: Mitumba unayouza wewe ni ya mwaka gani?

Beringi: Hizo za zamani zina shingo ya kuzamisha. Alama ya mwisho iliyochongwa isionekane nje, hata kama mgongo unalia.

Cheni_Kavu: Usukani ukiwa sawa na siti inatosha. Ukizidi hapo uzito wote unahamia makalioni, tairi la mbele linakuwa jepesi konani. Halafu zungusha usukani hadi mwisho, kulia na kushoto: waya ukivutika, breki inajibana.

Spoku36: Huo mrija wa kaboni nautambuaje?

Gia_ya_Mwisho: Toa kifuniko cha juu, gonga na kijiko. Aluminiamu inalia ngii, kaboni inalia kama ubao. Ikinasa sumaku ni chuma.