Mrejesho: Toleo la majaribio la mchezo wa njozi kwenye kompyuta kuukuu

Ndugu zangu, ahsanteni nyote mlionijibu nilipouliza kwa nini toleo la majaribio la ule mchezo wa njozi, uliochorwa kwa rangi 16 kwa mtindo wa King's Quest, mchezo wa kompyuta wa mwaka 1984, lilikuwa na picha zenye ukungu kwenye kompyuta yangu kuukuu hapa Wete. Ushauri wa kukuza picha kwa namba kamili, mara mbili au tatu bila nusu, ndio uliofaa: sasa hata ufunguo unaoning'inia nyuma ya mlango wa mchawi unaonekana wazi. Sauti bado inakatika, ingawa nimefunga programu nyingine zote kama mlivyoelekeza. Hadithi inavutia, ila kuucheza kwa kuandika amri za Kiingereza kunachosha. Na anayeanza ahifadhi mchezo kabla ya kuvuka daraja, kwani akianguka atarudishwa mwanzo.