Apu ya mizani ya zabibu inasuasua, nimeongeza CPU lakini wapi

Wakuu habari za leo, niko Nkuhungu hapa Dodoma, nimetengenezea wakulima wa zabibu wa Hombolo apu, karani anapima kreti anaingiza kilo anabonyeza tuma. Sasa msimu umechanganya, kila akibonyeza anasubiri sekunde 8 au 9, foleni inakuwa ndefu na zabibu za watu ziko juani zinanyauka, inaniuma sana. Seva, yaani kompyuta inayoendesha apu, ilikuwa Virginia kule Marekani, nikaihamishia Cape Town na CPU (nguvu yake ya kuchakata) nikaongeza mara mbili, hamna kitu. Databesi, yaani ghala la data zote za apu, sijaigusa bado iko Virginia, naogopa kupoteza data. Shida ni mtandao wa huku au?

fundi_areaD:
Mkuu shida umeitaja mwenyewe, databesi. Mwanga unaobeba data ndani ya faiba (nyaya za kioo) unaenda kama kilomita laki 2 kwa sekunde, yaani kila kilomita 100 kwenda na kurudi inakula milisekunde 1, na Cape Town mpaka Virginia ni zaidi ya kilomita elfu 12, hapo sijagusa mizunguko ya kebo. CPU haiwezi kufupisha bahari. Hebu hesabu karani akibonyeza mara moja apu inaiuliza databesi maswali mangapi, kama yanaenda moja moja kila moja linamsubiri mwenzake basi zidisha na hiyo safari uone.

binti_singida:
Naongezea hapo, usifungue koneksheni (muunganisho) mpya kila ombi. TCP, ile salamu ya kuunganisha kompyuta mbili, inakula safari nzima ya kwenda na kurudi kabla hujatuma chochote, TLS, ile ya kuficha data, toleo 1.2 inaongeza mbili, 1.3 inaongeza moja, kwa hiyo zifungue mapema uzitumie hizo hizo. Apu na databesi ziwe zoni moja (eneo moja la seva) na ziongee kwa IP ya ndani, yaani anwani isiyopitia intaneti.

mzee_kongwa:
Mimi naona mnakimbilia seva tu. Kijana nenda Hombolo kwenyewe na simu ya karani ukapime huko, siyo ofisini kwako. Paketi (vipande vya data) za huku zinashuka Dar kwanza ndio zipande kebo ya baharini, na laini ya kijijini ikipoteza paketi hata seva ingekuwa Dar ungelia. Karani asisubiri kabisa, kilo zihifadhiwe kwenye simu apime kreti inayofuata, kutuma kuendelee nyuma yake.

Muuliza swali:
Aisee nimehesabu, maswali 37 kwa kubonyeza mara moja!! Jana usiku nimechukua bakapu mbili (nakala za akiba) nikahamishia databesi Cape Town, asubuhi hii ni sekunde moja na kidogo, karani kanipigia mwenyewe. Mzee shikamoo, hilo la kuhifadhi kwenye simu naanza leo ila mtandao ukirudi kilo si zitaingia mara mbili?

mzee_kongwa:
Marahaba. Kila kipimo kipewe namba yake ya kipekee pale pale kwenye simu, databesi ikiiona mara ya pili iikatae.