Yule "dola haishuki" jana kanichekea mbele ya watu

Mnamjua, sina haja ya kumtaja, kila baraza yupo na kila kitu anajua. Mwezi wa kwanza 2024 dola iko shilingi 160 na ushei za Kenya akanishika bega, "nunua, dola haishuki, serikali inadaiwa Eurobond, ule mkopo wa dola kutoka nje, bilioni mbili mwezi wa sita na haina kitu, itagonga 200". Nami mjinga wa watu nikavunja pesa za mzigo wa spea, dola elfu mbili kwa 162, nikazitia soksini chini ya godoro.

Leo, Ramadhani hii ya 2024, bureau ya kubadilisha pesa wananipa 130. Elfu sitini na nne imeyeyuka huku nimeilalia! Na yule dada wa dirishani akainua noti kwenye taa, "hii ya zamani, bei yake chini".

Hayo nimesamehe. Lakini jana kwenye futari, kaimati mkononi, shira inamtiririka mpaka kiwiko, ananiambia mbele ya wazee "si nilikwambia uuze mapema?" KUUZA?? Msikiti mzima ukacheka mpaka mbuzi wa jirani. Kumbe zake kaziuza 158. Kaimati mkononi jamani!!

Kiboko wa Kongowea: Februari serikali ilikopa dola bilioni moja na nusu kwa riba 9.75% ikapunguza lile deni la Eurobond la 2014, halafu ikatoa bondi ya miundombinu, yaani mkopo wa shilingi, riba 18 na kitu, wazungu wakamwaga dola kuinunua, dola ikashuka. Wewe ulikuwa unasikiliza mtu wa kaimati.

Mama Spea: na hao wazungu wakishavuna riba yao wanaondoka, kiwanda hata cha kiberiti hawajatujengea. Dukani kwangu bei ni zile zile

Mwenye uzi: Sijauliza bondi, nauliza ALICHEKA NINI

Mbagala Finest: Nyie mna dola za kulalia, sisi Dar dola ni shilingi 2,550 na ukienda benki kuitafuta unaambiwa rudi wiki ijayo. Acha deko

Wa Dammam: Afadhali wewe. Mimi huku Saudia natuma riali elfu moja kila mwezi, nyumbani walikuwa wanapata elfu 42, sasa 35 haifiki. Mamangu anauliza hiyo elfu saba nampa nani, washaanza kusema nimeolewa huku

Kiboko wa Kongowea: kwani hujaolewa?

Wa Dammam: 😒

Mbagala Finest: Dada njoo inbox

Mama Spea: hizo kaimati kwanza nani kapika, maana zangu zinanywea