Gandhi alifungwa na mahakama ya wilaya?

Mwanafunzi_Sheria:
Wakuu, naomba kueleweshwa. Nasoma kwamba Machi 18, 1922 Gandhi alipewa kifungo cha miaka sita kwa uchochezi, huko Ahmedabad, na aliyemfunga, Broomfield, alikuwa jaji wa wilaya. Mahakama ya wilaya ninayoijua mimi ina hakimu na foleni ya kesi za wizi na talaka. Kesi nzito vile ilifikaje huko?

Karani Mstaafu:
Kijana, jina ni moja, ngazi ni mbili. Nimepanga majalada mahakamani miaka 27, na hata mawakili wanateleza hapo. India, anayekaa makao makuu ya wilaya ni jaji kamili. Akisikiliza madai ni jaji wa wilaya, akisikiliza jinai ni jaji wa sesheni, kiti kile kile. Hata hukumu ya kifo anatoa, ila hainyongi mtu mpaka Mahakama Kuu iithibitishe.

Mwanzo wake ni Bengal, 1772. Warren Hastings, gavana Mwingereza wa huko, aliweka kila wilaya diwani adalat (adalat ni mahakama) ya madai na faujdari adalat ya jinai. (Diwani huyo si wetu wa kata!) Ya madai aliikalia kolekta, Mwingereza yule yule aliyekusanya kodi ya ardhi. Sasa wewe una ugomvi na mtu wa kodi, unakwenda mahakamani, unamkuta yeye! Gavana mkuu Cornwallis akamvua ujaji mwaka 1793, hata ikawezekana kumshitaki kolekta mwenyewe. Lakini 1831 akarudishiwa uhakimu wa jinai, na kamba hiyo ya mtu wa kodi na uhakimu ilikatwa karibu nchi nzima kwa sheria ya mwenendo wa jinai ya 1973.

Kuhusu Gandhi, hata jengo la mahakama halikutumika. Walikaa Circuit House, nyumba ya serikali ya kufikia wageni, mtaa wa Shahibag. Alikiri kosa, mashahidi wakakosa kazi. Broomfield akachukua kipimo cha kesi ya uchochezi ya Tilak, mpigania uhuru mwingine wa India, ya 1908, miaka sita, kisha akasema serikali ikiipunguza hakuna atakayefurahi kuliko yeye. Jaji wa namna hiyo sijawahi kumwandikia mwenendo. Gandhi alitoka Februari 1924, baada ya kupasuliwa kidole tumbo.

Mtu wa Shangani:
Shikamoo mzee. Na Unguja je? Kwa amri ya 1884, mahakama ya Mwingereza hapa ilitumia sheria za India kana kwamba sisi ni wilaya ya Bombay. Mfanyabiashara wa Kihindi akishindwa kesi, rufaa yake inapanda meli kwenda Mahakama Kuu ya Bombay.

Karani Mstaafu:
Marahaba. Na bara nako yapo. Tulitumia sheria ya India ya mwenendo wa madai ya 1908 hadi tulipotunga yetu 1966. Mwanafunzi, ziweke mbili hizo mezani. Amri humo ni kama sura: Amri ya 7, hati ya madai, namba ni ile ile. Zuio la muda kwao ni Amri ya 39, kwetu ya 37.

Mwanafunzi_Sheria:
Nimefungua sasa hivi. Kweli kabisa! Mhadhiri wetu hakutuambia.