Albamu bora ya bendi ya Queen ni ipi, na rekodi adimu nazo zihesabiwe?

MLETA MADA
Wakuu, nimechoka na jibu linalotolewa hata swali halijaisha: "A Night at the Opera, funga mjadala." Nani kaufunga? Albamu hiyo ina Bohemian Rhapsody, na wimbo huo unang'ara kiasi cha kuwamulikia hata majirani wasiostahili. Mtu mzima na akili zake ananiambia Sweet Lady ni kazi nzuri. Utoe pale uutie kwenye albamu nyingine yoyote, uone nani atakayeukumbuka.

Kigezo changu ni kimoja. Weka albamu, kaa, sikiliza tangu mwanzo hadi mwisho bila kuruka wimbo. Kwa kigezo hicho, albamu bora ya Queen ni Queen II, ya Machi 1974. Santuri ile haina upande A wala B. Ina Upande Mweupe, ambao karibu wote ni wa mpiga gitaa Brian May, na Upande Mweusi, ambao kila wimbo katunga mwimbaji Freddie Mercury. Mweupe ni mzuri. Mweusi ndio ulionifanya nilete mada hii.

Unaanza na Ogre Battle, kanda ikizungushwa kinyumenyume hata hujui gitaa linakuja au linakwenda zake. Kabla hujatulia umeshaingia kwenye The Fairy Feller's Master-Stroke. Freddie aliutoa wimbo huo kwenye mchoro wa Richard Dadd uliopo kwenye jumba la sanaa la Tate, London, uliojaa vijitu vidogo vidogo majanini, naye kavitaja kimoja kimoja kwa kasi ya mnadi. Kisha Nevermore, dakika moja na ushei, piano na sauti tu. Halafu The March of the Black Queen: zaidi ya dakika sita, mdundo unabadilika, kwaya inapanda juu ya kwaya, gitaa juu ya gitaa. Kila kitu ambacho dunia ilikuja kukishangilia mwishoni mwa 1975, Bohemian Rhapsody ilipotoka, kimo humo tayari. Hata zile nyuso nne gizani kwenye video ya Bohemian Rhapsody ni jalada la Queen II, picha ya Mick Rock.

Swali la pili: rekodi adimu, yaani za majaribio, za redio, za jukwaani, na zilizobaki makabatini, nazo zihesabiwe? Mimi nasema zihesabiwe kama ushahidi, zisihesabiwe kama albamu. Karibuni.

BINTI TANGA
Kaka, umeanza vizuri ukaishia kujichongea. Kama The March of the Black Queen ina kila kitu cha Bohemian Rhapsody, basi yale yalikuwa mazoezi, na mechi yenyewe ikachezwa 1975.

Tena umeihukumu Opera kwa wimbo mmoja dhaifu kati ya kumi na mbili. Tuanze mwanzo, kwa kigezo chako hicho hicho. Death on Two Legs: Freddie anamsomea aliyekuwa meneja wao risala ambayo huwezi kuirudia mbele ya wazazi. Bila kupumua unaingia Lazing on a Sunday Afternoon, wimbo wa dakika moja hivi, na sauti inatoka kama ya redio ya zamani kwa sababu waliipitisha kwenye hedifoni zilizotumbukizwa ndani ya kopo la bati. Kopo la bati, kaka! '39 ni Brian, msomi wa elimu ya nyota, anayesimulia watu walioondoka duniani kwa safari waliyoiona ya mwaka mmoja, wakarudi wakakuta vizazi vimepita. Na yote hayo kwa gitaa la kawaida, kama wimbo wa kuimba njiani. Good Company ina bendi nzima ya tarumbeta na klarineti, ila hakuna tarumbeta wala klarineti. Ni gitaa la Brian, lile alilolitengeneza nyumbani na baba yake.

Na Queen II nayo ina The Loser in the End. Mbona huo hukuutaja?

FUNDI REDIO
Nyie mnabishana nyimbo, mimi nasikiliza mashine. Queen II imejaa kupita kiasi. Kila walipoongeza tabaka la sauti walihamisha kanda kwenda kanda, na kila kuhama kunapunguza ukali wa juu. Sikiliza matoazi kwenye The March of the Black Queen: ni ukungu mtupu. Opera nayo ilipitia hayo hayo, kanda ya Bohemian Rhapsody ilichakaa kwa kurudiwa hadi ikawa inaonyesha upande wa pili. Ila kufikia hapo mtayarishaji wao Roy Thomas Baker na wenzake walishajua kuipa kila sauti nafasi yake.

Kwenye rekodi adimu napingana na mleta mada moja kwa moja. Chukueni albamu ya kwanza, ya 1973. Walirekodi studio ya Trident kwa masaa ambayo wateja wenye hela hawapo, na dramu zikatoka kavu kama kugonga boksi. Wenyewe walilalamikia sauti hiyo miaka nenda rudi, hadi 2024 albamu ikatolewa upya kwa jina la Queen I, imechanganywa upya na dramu zimerekebishwa. Lakini kabla ya Trident, mwaka 1971, walikuwa wameshafanya nyimbo tano za majaribio kwenye studio ya De Lane Lea, na hizo ziko hai kuliko albamu. The Night Comes Down ya De Lane Lea ndiyo iliyoishia kwenye albamu yenyewe. Sasa hapo ushahidi umekuwa albamu, au albamu imekuwa ushahidi?

WA SHANGANI
Asalaam aleikum. Mnazunguka mbali. Freddie ni mtoto kazaliwa hapa Unguja, 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara. Mwenye kutaka kujua yeye alikuwa nani asikilize Mustapha, wimbo wa kwanza wa albamu ya Jazz ya 1978. Ule mwito wa mwanzo, ule mvuto wa sauti, haukutoka London. Na "Bismillah" ya Bohemian Rhapsody mnadhani aliiokota wapi? Kura yangu ni Jazz.

BINTI TANGA
Waalaikum salaam, baba. Kuzaliwa Unguja ni kweli na tunajivunia sote. Ila alipelekwa shule ya bweni India akiwa mdogo, akarudi 1963, na mwaka uliofuata baada ya mapinduzi familia ikahamia Uingereza. Wazazi wake walikuwa Maparsi. Maneno ya Mustapha mengi ni ya kubuni, sauti za Kiarabu na Kiajemi zilizochanganywa kwa mchezo. Kwamba masikio yake ya utotoni yamo humo, nakubali. Kwamba hilo linaifanya Jazz iipiku Opera, hapana. Jazz ina nyimbo za kuruka, na wewe unazijua.

WA SHANGANI
Nazijua. Kura yangu ni Jazz.

MPENZI WA BESI
Nimesoma yote, na hakuna aliyemtaja mpiga besi, John Deacon. Kwenye Queen II hana wimbo hata mmoja. Wa kwanza wake, Misfire, ulikuja kwenye Sheer Heart Attack, Novemba 1974. Mtawezaje kuita albamu bora ya bendi ya watu wanne kitu ambacho mmoja wao hajaandika hata mstari? Deacon ndiye aliyetunga You're My Best Friend, akaupiga kwa kinanda cha umeme ambacho Freddie alikuwa hakipendi. Deacon ndiye aliyetunga Another One Bites the Dust, ikashika namba moja Marekani mwaka 1980. Hivyo naweka mezani albamu yenye wimbo huo, The Game. Fupi, safi, haina ukungu wa Fundi Redio.

Na kwa wanaoicheka albamu ya Hot Space: Back Chat ichezwe kwa sauti kubwa kwenye spika zenye besi ya kweli, ndipo tuongee.

MLETA MADA
Deacon kutoandika Queen II si siri, lakini kuandika si kazi pekee ya mpigaji. Vueni sauti zote kwenye Upande Mweusi, mfuate besi peke yake mpaka mwisho wa The March of the Black Queen, mtaona nani ameishika nyumba isianguke. The Game ni nzuri. Ni albamu ya bendi iliyojua redio inataka nini. Mimi naitafuta bendi iliyokuwa haijui.

Binti Tanga, The Loser in the End ni wa mpiga dramu Roger Taylor, uko mwisho wa Upande Mweupe, na kwangu ni kama mlango wa kutokea kabla giza halijaingia. Siutetei zaidi ya hapo.

Sasa ushahidi. Septemba 2014 walitoa rasmi maonyesho ya ukumbi wa Rainbow, London, ya 1974. Ya Machi yalifanyika wiki chache tu baada ya Queen II kutoka. Humo wanapiga The Fairy Feller's Master-Stroke jukwaani, wimbo ambao ukiusikiliza kwenye santuri unaapa kwamba hauwezi kutoka nje ya studio. Watu wanne, hawana kanda ya kuwasaidia, na unasimama. Bohemian Rhapsody, kwa heshima zote, ukifika kwenye sehemu ya opera jukwaani bendi ilikuwa inaondoka, inawaachia watu kanda ya studio na taa, halafu wanarudi kwenye gitaa zito. Hapo ushahidi unasema nini?

BINTI TANGA
Unasema nusu. The March of the Black Queen, roho ya hoja yako, hawakuipiga nzima jukwaani hata siku moja. Kipande tu, kimechomekwa katikati ya nyimbo nyingine. Ipo kwenye onyesho la ukumbi wa Hammersmith Odeon la mkesha wa Krismasi 1975, lile BBC walilorusha, watu wakaliuza kwa magendo miaka mingi hadi likatolewa rasmi 2015. Sikiliza kinavyopita: Bohemian Rhapsody, Killer Queen, kipande cha March, kisha wanarudi Bohemian Rhapsody. Wenyewe walishaamua mwenye nyumba ni nani na mgeni ni nani.

WA KISAUNI
Wazee wangu, naona 1980 ndio mwisho wa dunia yenu. Albamu ya Innuendo, Februari 1991. Freddie anajua anakufa, hajautangazia umma, na anaingia studio kuimba The Show Must Go On. Wimbo wenye jina la albamu una gitaa la Kihispania la Steve Howe, mtu wa nje kabisa, na ukasimama bila kuyumba. Tena kufikia hapo kila wimbo ulikuwa unaandikwa jina la Queen wote wanne, ule ugomvi wa nani alipwe kama mtunzi, wa tangu wimbo wa Roger, I'm in Love with My Car, ukawa umekwisha. Hiyo ndiyo albamu ya bendi ya watu wanne, kaka wa besi.

Kuhusu rekodi adimu: 2022 walitoa Face It Alone, iliyobaki kwenye kanda za albamu ya The Miracle. Mimi niliposikia ile sauti nilinyamaza kabisa. Mnataka ibaki kabatini kwa sababu ya kanuni?

FUNDI REDIO
Face It Alone wahandisi waliiunga kipande kwa kipande. Wameiunga vizuri, sikio langu halioni mshono. Ila usiseme ni wimbo uliokuwa umekamilika ukafichwa.

BINTI TANGA
Hapa niko na mleta mada, nisameheni. Kuna tofauti kati ya Mother Love na Face It Alone. Mother Love Freddie aliimba Mei 1991 akijua wenzake wataimalizia, na ubeti wa mwisho ambao hakuuwahi kauimba Brian. Aliwaachia kwa mkono wake. Face It Alone waliiweka kando wote wanne wakiwa hai, wakachagua nyimbo nyingine. Isikilizwe, sawa. Kuipanga kwenye orodha ya nyimbo bora ni kumhukumu mtu kwa karatasi aliyoikunja.

WA KISAUNI
Dada, karatasi alizokunja si ziliuzwa kwenye mnada wa Sotheby's 2023? Rasimu ya Bohemian Rhapsody ambayo juu yake aliandika kwanza "Mongolian Rhapsody" ilikwenda kwa zaidi ya pauni milioni moja. Hakuna aliyelalamika kwamba hakuikamilisha.

MGENI
Samahanini, mimi nina Greatest Hits ya 1981 tu. Naruhusiwa kupiga kura?

MPENZI WA BESI
Unaruhusiwa. Ndiyo albamu iliyouzwa kuliko zote Uingereza, zaidi ya nakala milioni saba. Usiwaogope hawa. Nyimbo za Deacon nazo zimo humo.

MLETA MADA
Mgeni, karibu, ila mkusanyiko si albamu. Anza na Sheer Heart Attack, iko katikati ya ubishi huu na haina adui.

FUNDI REDIO
Na kwa wanaoniuliza pembeni nitafute kitu gani adimu: msihangaike na Bohemian Rhapsody ya santuri ya buluu ya 1978. Kampuni ya rekodi ya EMI ilitengeneza 200 tu kusherehekea tuzo yao ya kuuza nje, na zilizopo mnadani nyingi ni za kughushi. Ile ya Larry Lurex ya 1973, Freddie akiimba I Can Hear Music kwa jina la bandia kabla hata albamu ya kwanza ya Queen haijatoka, ni raha kuisikia mara moja, basi.

Kitu cha kutafuta ni vipindi vya BBC vya 1973 hadi 1977, vilivyotolewa 2016 kwa jina la On Air. Nendeni moja kwa moja kwenye kile cha Oktoba 1977. We Will Rock You mbili, ya polepole na ya kasi, na katikati anapita mwanamke anasoma maneno ya falsafa ya Mashariki, yametoka kwenye kipindi kingine cha redio. Halafu Spread Your Wings. Kwenye albamu ya News of the World inazimika taratibu. Hapa mwishoni wanaongeza mwendo ghafla, Freddie anabamiza piano, na unasikia wazi kwamba wameamua palepale wasiumalize walivyozoea. Kwangu ni bora kuliko ya albamu, na kwa hoja hiyo rekodi adimu zihesabiwe.

MPENZI WA BESI
Hebu nikumbusheni, Spread Your Wings katunga nani?

MLETA MADA
Deacon. Na bado siyo Queen II.