Riwaya ya kihistoria: Kinjikitile abaki na jina lake, au abadilishwe?

Wakuu, heshima kwenu. Mswada wangu wa kwanza umerudi kutoka kwa mhariri. Ni riwaya ya Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, na mhariri ana sharti moja linaloninyima usingizi: Kinjikitile Ngwale, yule mganga wa Ngarambe aliyewagawia wapiganaji maji ya dawa, nimpe jina la kubuni, kwa sababu nimemtungia maneno ambayo hakuna awezaye kuthibitisha kwamba aliyasema.

Mengine nimeyakubali bila kubisha. Nilimshikisha mchuuzi shilingi mwaka 1905, akazungushia kalamu nyekundu: enzi za Wajerumani ilikuwa rupia, shilingi ilikuja 1921 chini ya Waingereza. Namshukuru kwa hilo.

La jina sikubali. Sura ya tatu wazee wa kijiji cha Nandete wanang'oa miche ya pamba ya Wajerumani, na vita vinaanza, Julai 1905. Siku chache baadaye, tarehe 4 Agosti, Kinjikitile ananyongwa Mohoro. Kitanzi hicho ni chake. Nikimwita jina jingine nitakuwa nimechukua kifo chake nikampa mtu ambaye hakuwahi kuishi. Afadhali abaki na jina, na mwisho wa kitabu niweke kurasa mbili: hili lilitokea, hili nimelitunga mimi. Mnaonaje?

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, mimi niko na mhariri. Wangapi husoma kurasa za mwisho? Mwanafunzi atanukuu hotuba uliyomtungia pale Ngarambe akidhani ni yake kweli. Halafu kuna ukoo. Angekuwa babu yako ungeridhika?

Mchangiaji wa pili: Hapo pa ukoo pana uzito. Ila kubadili jina hakuponyi kitu: ukiandika mganga wa Ngarambe aliyegawa dawa ya kugeuza risasi kuwa maji, nani hatamjua? Utakuwa umemsema mtu bila kumtaja. Mimi nauliza lingine: kwa nini lazima ahutubie? Masimulizi ya wazee yaliyokusanywa 1968 na watafiti wa chuo kikuu cha Dar es Salaam yanaeleza watu walivyomiminika Ngarambe wakiimba, wakicheza na kupiga vigelegele kama msafara wa harusi. Harusi, mkuu, kwa watu wanaojiandaa kwa vita! Hapo ndipo riwaya yako ilipo.

Mleta mada: Nimeirudia sura hiyo. Hotuba ina kurasa nne, na ndiyo niliyojivunia kuliko zote. Tangu jana naiandika upya: mama mmoja kwenye msafara, koo limekauka kwa vigelegele, anamwona Kinjikitile kwa mbali tu, midomo ikicheza, sauti haimfikii. Jina linabaki. Zile kurasa mbili nazileta mbele, kabla ya sura ya kwanza, mwanafunzi azikute mapema. La ukoo bado linanielemea. Aliyewahi kuandika juu ya marehemu ambaye jamaa zake wapo, je, alikwenda kuomba ridhaa kabla ya kuandika, au aliwapelekea mswada ukiwa tayari?